Maswali: Hakuna

Juzi tulimzika Meja Chande kule Sofu, na asubuhi ya siku hiyo baba yangu alipiga pasi suruali ileile mara mbili. Mara ya kwanza aliimaliza, akaitundika nyuma ya mlango, akakaa kunywa chai. Kisha akaitazama kwa mbali, akaona kitu ambacho mimi sikukiona, akaiteremsha na kurudia mstari wa mguu wa kushoto kutoka juu mpaka chini. Nilikuwa nimefika Mlandizi siku moja kabla ili nimsindikize. Sikumwambia asiende. Nina miaka thelathini na minne sasa, na nimejifunza kwa gharama kubwa kwamba maneno yangu, hata yakiwa ya kweli, yana mahali pake. Lakini niliamka na hofu. Sikuwa naogopa maiti wala kaburi. Nilikuwa naogopa desturi moja ndogo ya mazishi yetu: kabla jeneza halijainuliwa, msemaji wa familia husimama na kutangaza kwamba kama kuna mtu anamdai marehemu, ajitokeze. Katika kundi lote lililokuwa likienda Sofu siku ile, hakuna aliyekuwa na haki zaidi ya kujitokeza kuliko mzee huyu aliyekuwa akihangaika na pasi. Na mtu pekee aliyeweza kujitokeza kwa niaba yake bila kutumwa alikuwa mimi. Nilishawahi kufanya hivyo mara moja.

Ilikuwa ule mwaka ambao mimi nilimaliza chuo na baba akamaliza jeshi, tukipishana kwa miezi michache, na sote wawili tukajikuta asubuhi moja mezani tukinywa chai na mihogo ya kuchemsha bila kuwa na pa kwenda. Mimi nilikuwa na shahada ya uchumi na maombi ya kazi ambayo hakuna aliyeyajibu. Yeye alikuwa na barua yenye tarehe mbili: ya kuvua sare, na ya kurudisha funguo za kota. Tuliishi kambini Kibaha, nyumba ya vyumba viwili na sebule, sakafu ya saruji nyekundu ambayo mama aliisugua kwa nta kila Jumamosi mpaka miguu ya meza ikaonekana miwili miwili. Sikuwahi kufikiri kwamba nyumba ile si yetu. Siku barua ilipofika, baba alifungua sanduku lake la chuma, akatoa karatasi ya makabidhiano aliyotia saini siku aliyohamia, nami nikiwa bado nabebwa mgongoni. Vitasa vitatu. Balbu nne. Vioo vya madirisha kumi na viwili. Koki moja. Akaizungukia nyumba akihakiki, sisi tukimfuata nyuma kama watu wanaoonyeshwa chumba cha kupanga. Kioo cha chooni kilikuwa na ufa. Alisimama mbele ya ufa ule kwa muda, kisha akaandika pembeni kwa mkono wake: *kitabadilishwa*. Baba yangu alikuwa amelala chini ya paa lile miaka yote hiyo akijua idadi ya balbu zake, kwa sababu alijua siku moja ataulizwa.

Hofu ya kustaafu ilikuwa imetanda kota nzima, na kama mambo mengi ya kambini, ilizungumzwa bombani. Wanawake walikinga maji kwa zamu asubuhi, na mimi niliyekuwa sina kazi nilipanga foleni pamoja nao nikisikiliza.

"Shoga, hawa wakivua sare hawamalizi miaka mitano," alisema Mama Masanja, mke wa Koplo Masanja, jirani yetu wa ukuta mmoja. "Anakosa paredi ya asubuhi, anaanza kukukagua wewe jikoni."

"Wako atakagua nini, na sufuria zako zote zimetoboka?"

Walicheka, lakini kicheko chao hakikufika mbali. Kila mmoja alikuwa na hadithi yake. Yule aliyepokea kiinua mgongo akaoa mke wa pili kabla mvua hazijaanza. Yule aliyefungua duka la vifaa vya ujenzi, akawakopesha wapwa zake mpaka zikabaki rafu tupu. Hadithi iliyonitisha kuliko zote sikuhitaji kusimuliwa, kwani niliiona kwa macho. Mstaafu mmoja pale Mlandizi alinunua lori chakavu, likabeba mizigo msimu mmoja tu, injini ikafa. Likabaki nyuma ya soko limeegemea mawe, bila matairi. Kila asubuhi mzee yule alipanda, akafuta kioo cha mbele kwa kitambaa, akakaa kwenye usukani mpaka jua likawa kali. Nilipita hapo na baba siku moja. "Habari za safari, mzee mwenzangu?" baba alimsalimia kwa adabu kabisa. "Nasubiri mzigo," yule akajibu. Baba akampungia mkono, tukaendelea na njia. Usoni alikuwa na sura ambayo baadaye mwaka ule niliizoea, ya mtu anayesikiliza sauti chumba cha pili.

Jumapili iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, alituita sebuleni mimi na mama. Ukutani alikuwa amebandika karatasi kubwa ya manila yenye vichwa vitano kwa herufi za kuchapa: Hali, Jukumu, Utekelezaji, Ugavi, Mawasiliano. Hivyo ndivyo amri ya operesheni inavyotolewa jeshini, na baba hakujua namna nyingine ya kupanga jambo. Alikuwa Sajenti, mkufunzi wa kusoma ramani, na maisha yake yote alifundisha vijana jinsi ya kutoka hapa kwenda pale bila kupotea. Akatusomea akiwa amesimama. Hali: mtumishi anastaafu, mtoto amesoma, nyumba hakuna. Jukumu: kuihamisha familia kwenda makazi ya kudumu kabla ya tarehe ya funguo. Utekelezaji ulikuwa na mistari saba, sita kwa wino na mmoja kwa penseli. Wa penseli ulisomeka: kununua eneo, Kisarawe. Nilidhani kalamu ilikuwa imemwishia wino. Alipomaliza alirudi hatua moja nyuma, akasema neno ambalo makamanda wote husema mwishoni, na ambalo nyumbani kwetu tangu niko mdogo lilikuwa na jibu moja tu.

"Swali?"

Mama alitazama mikono yake. Mimi nilikuwa nimetoka kukaa miaka mitatu mahali ambapo mtu asiyeuliza alionekana hana akili.

"Ninalo, Baba."

"Moja. La pili nenda kaulize chuo."

"Kwa nini fedha yote iende kwenye eneo? Ungeweka sehemu kwenye hati fungani za serikali, ikawa inazaa taratibu, na..."

"Karatasi," alisema.

"Na hati ya shamba ni nini, si karatasi?"

Mama akakohoa. Baba alinitazama, halafu, jambo lisilotarajiwa, akatabasamu kidogo. "Shamba likiibiwa hati, linabaki shamba. Hilo lilikuwa la pili. Kikao kimefungwa."

Nakumbuka tabasamu lile kwa uchungu. Lilikuwa linaniambia kwamba mlango upo na umefunguliwa kiasi, ila unaingiwa kwa kunyata. Mimi nikaona nimeshinda hoja.

Wazo la Kisarawe lilikuwa la Meja Chande. Alikuwa amestaafu mwaka mmoja kabla, akajenga Sofu, na alikuwa mtu ambaye baba yangu alimfuata tangu ujana. Ndiye aliyemfundisha dira na ramani, ndiye aliyempendekeza kila alipopanda cheo. Sauti yake ilikuwa ya chini kiasi kwamba watu walijongea kumsikia, na wakishajongea walikuwa wamekwisha kukubali. Alitaka wastaafu saba wa kikosi chake wanunue maeneo yanayopakana, ekari mbilimbili, wajenge kwa mistari kama kambi, yeye mwanzoni mwa mstari wa kwanza. Kungekuwa na kisima kimoja, na banda la pamoja la kunywa chai jioni, ambalo tayari walishaliita mesi. Koplo Masanja alitaka pawe na mlingoti wa bendera na filimbi ya kuamsha watu.

"Filimbi ya nini, na hamna kazi?" nilimuuliza.

"Ndiyo maana, mwanangu," alisema. "Bila filimbi nitajuaje kwamba sina kazi?"

Nilicheka wakati ule. Sasa naelewa kwamba ndani ya utani huo ndimo lilimokuwa kosa lao, kosa ambalo mwalimu au mkulima asingelifanya. Hawakuwa wananunua ardhi. Kila mmoja alikuwa ameona lile lori juu ya mawe, na kila mmoja aliogopa kukaa kwenye usukani peke yake. Walidhani wanamlipa muuzaji wa eneo, kumbe walikuwa wanalipia kupangwa mstarini tena.

Wanaume wote saba walikwenda kulitazama eneo wakiwa na Meja na dalali. Baba alirudi kimya, viatu vina udongo mwekundu. Mama alipofua nguo alitoa mfukoni leso iliyojaa chokaa nyeupe. "Hii umefutia nini?" "Ukuta," akajibu, akaenda kukaa mbele ya karatasi yake ya manila. Siku tatu baadaye, bila kumwambia mtu isipokuwa mama, nami nikaenda Kisarawe. Nilijiambia ni utafiti. Nilishuka mjini nikakodi bodaboda hadi barabara ilipogeuka njia ya miguu, kati ya mikorosho na mihogo, mpaka nikaona vigingi vipya vilivyopakwa rangi ya bluu, kama nilivyosikia vikielezwa. Bibi mmoja alikuwa analima mihogo hapo karibu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunyoosha mgongo. Alijitaja kwa jina la Bi Tausi, akaniuliza kama nami nimekuja kuoneshwa mashamba ya wanajeshi.

"Kwani si mazuri, bibi?"

"Udongo mzuri. Ila mie hapa nalima kwa jicho moja, la pili liko njiani."

"Unaogopa nini?"

"Bwana miti. Jiwe lile jeupe waliona, mjukuu wangu, chini ya mkorosho? Lina namba usoni. Namba ikikutazama, wewe upo kijijini, kalale. Jiwe likikupa kisogo, ushaingia msituni mwa serikali. Ukipanda mhogo kule, wauvuna kama mwizi wa mali yako mwenyewe."

Nilikwenda mpaka kwenye jiwe. Ilikuwa bikoni ya mpaka, ya saruji iliyopakwa chokaa, imefika magotini. Namba ilitazama bonde, kijijini. Vigingi vya bluu, vyote nilivyoweza kuviona, vilikuwa upande wa kisogo. Nilisimama pale jua likiniwakia, na badala ya kuogopa nilisikia furaha kali na mbaya, furaha ya mtu aliyepata jibu la mtihani kabla ya wengine.

Mama alinisikiliza akichambua mchicha. Mkono ukasimama. "Mwambie baba yako leo. Akishakunywa chai, mkae nyuma ya nyumba, umwambie polepole."

"Ataniambia nikaulize chuo."

"Atasema hivyo, halafu atakwenda kufikiri. Mimi ninamjua. Zuhura, mwanaume huyu ukimsukuma mbele za watu hatarudi nyuma hata kama mbele ni shimo."

Sikumwambia siku ile. Wala kesho yake. Nimejipa sababu nyingi miaka hii yote: kwamba niliogopa, kwamba alikuwa amejifungia ndani ya ukimya wake, kwamba nilitaka Meja mwenyewe ajibu kwa sababu ndiye aliyejua. Zote zina ukweli. Lakini iliyo chini yao ni kwamba nilitaka kuuliza mahali nitakaposikika. Mkutano wa kutia saini ulikuwa Jumamosi nyumbani kwa Meja, na baba alikuwa ameniomba nikaandike muhtasari, kwa kuwa nina mwandiko mzuri.

Tulikaa uani kwa Meja, Sofu, kwenye viti vya plastiki vilivyopangwa safu mbili. Ilikuwa baada ya swala ya alasiri. Mke wa Meja alipitisha vitumbua na chai ya tangawizi. Kulikuwa na dalali mwenye viatu vilivyong'aa kuliko vya wanajeshi wote, na mchoro wa rangi wa eneo, viwanja vimegawanywa kama keki. Kwenye mchoro hapakuwa na bikoni wala msitu. Mikataba saba ilikuwa mezani, imekwisha kugongwa mhuri ambao hakuna aliyeusogelea kuusoma. Meja alieleza kila kitu kwa mpangilio uleule wa vichwa vitano, na nikaona baba alikoupata. Aliposema kuhusu mesi, mzee mmoja alifuta macho. Kisha Meja akarudi hatua moja nyuma.

"Swali?"

Hakuna askari anayeuliza hapo. Wote saba walitazama mbele. Kimya kile kilikuwa sehemu ya utaratibu, kama nukta mwishoni mwa sentensi, na mimi nikasimama na daftari mkononi katikati ya nukta ile.

"Shikamoo, Meja. Naomba kuuliza. Kuna bikoni nyeupe chini ya mkorosho. Haya maeneo yapo upande gani wa bikoni hiyo?"

Nilisikia kijiko kikianguka jikoni. Dalali alianza kusema kitu kuhusu bikoni za zamani na mipaka mipya, Meja akamnyamazisha kwa kidole. Hakuonekana kukasirika. Sasa nikimkumbuka, nadhani kwa sekunde chache nilimwona akiogopa.

"Sajenti Kondo," alisema kwa sauti yake ya chini, "hapa umemleta mwandishi au mwendesha mashtaka?" Wazee wakacheka cheko la kusaidia. Koplo Masanja akaongeza, "Afande, huyo ni wa chuo, hata uji anauomba kitambulisho." Meja hakucheka. "Ninauliza, Sajenti. Swali hili ni lako au ni la mtoto?"

Baba alisimama. Hakunitazama. Mikono ilishuka ubavuni, visigino vikakutana, nikaona mgongo wake ukinyooka kwa namna ambayo sikuwahi kuiona nyumbani. Alikuwa tayari mstaafu wa wiki mbili, amevaa shati la mikono mifupi na kandambili.

"Hakuna swali, afande."

Akatembea hadi mezani, akawa wa kwanza kutia saini. Wengine wakafuata mmoja mmoja kwa cheo. Meja akanigeukia, akasema kwa upole kabisa, "Andika, mwanangu. Maswali: hakuna." Na mimi, niliyekuwa nikihoji hata hesabu ya konda, niliandika. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Daftari lile ninalo mpaka leo.

Tulirudisha funguo mwezi uliofuata. Balbu nne, vitasa vitatu, kioo kipya cha chooni. Kijana wa ugavi alihesabu, baba akasimama wima mpaka hesabu ikaisha, tukapanda kwenye gari la mizigo kwenda Kisarawe na sanduku la chuma. Tuliishi kwenye banda la mabati huku baba akifyatua matofali. Sitasahau miezi ile. Kila pikipiki iliposikika bondeni, mama aliacha alichokuwa akifanya. Mimi nilikuwa nimekwisha kumwambia baba kila kitu, jinsi Bi Tausi alivyosema, jinsi namba ilivyotazama, na alikuwa ameniitikia neno moja tu: "Nimesikia." Halafu akaendelea kuponda udongo. Hakunigombeza hata siku moja. Ningepewa kofi ningelala vizuri zaidi. Tulikula ugali na kisamvu, na kila jioni nilimwona baba akitembea kutoka bandani hadi kwenye mkorosho na kurudi, midomo ikihesabu hatua, kama mfungwa anayepima chumba chake.

Walikuja asubuhi ya kawaida kabisa, mama akipepeta mchele. Watu watano, wana sare ya kijani na kopo la rangi. Waliweka alama ya X nyekundu kwenye ukuta wa Meja kwanza, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mbele ya mstari na nyumba yake ilikuwa imefika kwenye lenta. Hapo ndipo nilipojua kwamba Meja hakuwa ametuuza. Alikuwa ameweka chake chote, na cha mkewe. Simu ya dalali haikupatikana siku ile wala baada ya hapo. Meja aliwakusanya wale wanaume saba mbele ya ukuta wake wenye alama, akajaribu kusema, sauti ikawa ya chini mno mpaka hata waliojongea hawakuisikia. Bwana miti alikuwa kijana wa umri wangu. Alimwambia baba, "Mzee, shikamoo, samahani sana, mna siku kumi na nne." Baba akamwitikia marahaba, akamuuliza kama amekunywa chai.

Tangu hapo ni Mlandizi, vyumba viwili vya kupanga, pensheni ya kila mwezi, na baba mlinzi kwenye ghala moja upande wa Soga. Mara ya kwanza nilipomwona na sare ile ya kampuni, kirungu kiunoni, akimfungulia geti mvulana mwenye gari na kumpigia saluti, niligeuka nikarudi nilikotoka bila kumpelekea chakula chake. Nimepata kazi, nimewakarabatia choo, nimewanunulia jokofu, nimewawekea hati fungani chache. Bado mwili wangu haujawahi kuamini kwamba sakafu ninayoikanyaga haitadaiwa. Hakuna hata mmoja kati ya wale saba aliyemshtaki Meja. Kila Idi Meja alituma salamu, baba akajibu. Na neno lile, "Swali?", baba hakulitamka tena. Alitoa maelekezo yake, kama ya kununua mkaa au kwenda hospitali, akaishia hapo, na mwishoni palibaki pengo ambalo sote watatu tulilizunguka kama shimo la choo lisilofunikwa.

Kwa hiyo juzi, Sofu, nilikaa mkekani na wanawake nyuma ya nyumba, uani palepale, nikasubiri. Mama hakuja, magoti yanamsumbua. Jikoni kulikuwa na vitumbua. Kipaza sauti kilikwaruza upande wa wanaume, tukasikia sauti ya mtoto mkubwa wa Meja: marehemu alikuwa mtu wa watu, lakini binadamu hakosi, hivyo kama yupo anayemdai, aje mbele sasa au awaone ndugu baadaye. Mwanamke aliyekaa karibu yangu alikuwa mke wa Meja mwenyewe, amefunikwa khanga, na nilimwona akifumba macho akisubiri kama mtu anayesubiri sindano. Alijua. Niliuma ulimi, kweli nikauma, kwa kuwa maneno yalikuwa yamekwisha kupanda. Kipaza sauti kikakwaruza tena, na sauti iliyotoka ilikuwa ya baba yangu.

"Sajenti Kondo," alisema, na akapumua. "Simdai."

Basi. Sauti nyingine ikasema, "Wala mimi." Ilikuwa ya Koplo Masanja. Kisha nyingine, na nyingine, mpaka watano, kwani wawili walikwisha kutangulia. Mke wa Meja aliinamia magoti yake akalia, nami nikajikuta nimemshika bega, bado nimejaa hasira, na bado naogopa.

Tulirudi kwa koasta ya kukodi, wazee mbele, mimi na baba kiti cha nyuma yao. Barabara ilikuwa na malori mengi. Karibu na kushuka alianza kunipa maelekezo kwa sauti ya kawaida: kwamba asubuhi atakwenda kufuatilia kadi ya hospitali, kwamba mama asinyanyue ndoo, kwamba nisiondoke kabla ya kupeleka sadaka. Kisha akatazama mbele, akasema:

"Swali?"

Koplo Masanja aligeuka kidogo. Nilijua masikio yote ya mbele yamesimama. Swali nilikuwa nalo, lilikuwa limekaa kifuani miaka kumi na moja, limeota mizizi. Nilizitazama zile shingo za wazee, kola zilizopigwa pasi.

"Hakuna, Baba."

Tulifika. Mama alikuwa kwa jirani. Baba aliketi kwenye stuli ili avue viatu, nami nikafunga mlango, nikaingiza komeo.

"Baba. Ile bikoni, uliiona?"

Hakushtuka. "Niliiona siku ya kwanza. Ilikuwa imefunikwa vumbi, nikaifuta nisome namba." Nikakumbuka leso. Nikakumbuka mstari wa penseli: jeshini, alinifundisha nikiwa mdogo, kile kinachoweza kufutwa kwenye ramani huandikwa kwa penseli.

"Sasa kwa nini ulitia saini?"

Lilikuwa swali la pili. Nilisubiri anitume chuo.

"Nilikuwa nimepanga kumwambia Meja nyumbani kwake, Ijumaa. Nikakuta ana wageni. Nikasema Jumamosi nitakaa kimya, sitatia saini, nitasema nimesahau miwani. Jumatatu ningemwendea. Aliponiuliza mbele za watu swali ni la nani, kutotia saini kungekuwa kumshtaki." Alizungumza polepole, kama anayesoma kitu kilichofifia. "Nilitaka tuwe mimi na yeye tu. Nimweleze, naye apate njia ya kuwaambia wengine kama vile ameona mwenyewe. Mlango ukiwa umefungwa."

Akautazama mlango nilioufunga. Kisha akainama kufungua kamba za viatu.